Steroidi kwa Mtu Mzima Mwenye Mshtuko wa Sepsisi

Sepsisi ni nini

Sepsisi hutokea pale mwili unapopambana na maambukizi hadi ukaanza kuumiza viungo vyake wenyewe. Chanzo chaweza kuwa nimonia, homa ya matumbo iliyotoboa utumbo, maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua, au jeraha lililooza la mchimbaji wa dhahabu wa machimbo ya Misisi. Presha ikishuka na isipande hata baada ya seramu (maji ya mshipani) ya kutosha, mgonjwa ameingia katika mshtuko wa sepsisi.

Dalili zake ni kuhema haraka, kuchanganyikiwa, mikono na miguu kuwa baridi, na mkojo kupungua. Homa huwa kali, ila wengine hupoa mwili badala ya kuchemka.

Tiba inayotangulia

Antibiotiki za mshipani zapasa kuanza ndani ya saa 1. Usaha hukamuliwa, utumbo uliotoboka hushonwa. Seramu hutolewa kwa kipimo: katika utafiti wa Lusaka, Zambia, uliochapishwa mwaka 2017, wagonjwa waliomiminiwa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi kuliko waliopewa matibabu ya kawaida. Presha ikibaki chini, hutumika noradrenalini, au adrenalini pale isipopatikana.

Kazi ya steroidi

Juu ya figo kuna tezi zinazotoa kotisoli, homoni inayosaidia mishipa kukaza na kutuliza uvimbe. Katika mshtuko, kotisoli huweza kutotosheleza mahitaji ya mwili. Haidrokotisoni, dawa ya steroidi, huongezwa ili mishipa iitikie dawa za kupandisha presha. Haiui vijidudu, kwa hiyo haichukui nafasi ya antibiotiki.

Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 unapendekeza haidrokotisoni kwa mtu mzima anayeendelea kuhitaji dawa za presha: miligramu 200 kwa siku. Dawa huja kama unga wa miligramu 100 katika kichupa. Muuguzi huuchanganya na maji ya sindano, kisha humpa mgonjwa miligramu 50 mshipani kila baada ya saa 6.

Mwaka 2018 zilichapishwa tafiti mbili kubwa kuhusu haidrokotisoni. Katika ule wa kwanza, wenye wagonjwa zaidi ya 3,600, mshtuko uliisha kwa siku 3 badala ya 4, lakini vifo havikupungua kwa kiasi cha kuaminika. Katika ule wa Ufaransa, ambapo haidrokotisoni ilitolewa pamoja na steroidi nyingine, fludrokotisoni, vifo ndani ya siku 90 vilikuwa asilimia 43, dhidi ya 49 kwa wasiopewa.

Tahadhari

Steroidi hupandisha sukari na chumvi ya damu, na huweza kulegeza misuli. Sukari hupimwa mara kwa mara. Katika malaria ya ubongo, utafiti wa Thailand wa mwaka 1982 ulionyesha kuwa deksamethasoni, ambayo pia ni steroidi, hurefusha kupoteza fahamu. Na kwenye mwambao wa mji wa Baraka, kunakozuka kipindupindu, presha iliyoshuka kwa kuharisha huhitaji maji, si steroidi.

Wajibu wa familia

Mgonjwa wa sehemu ya mbali kama Kilembwe afikishwe kituo cha afya dalili zinapoanza, kwa kuwa njia ya kwenda hospitali ni ndefu. Asidungwe deksamethasoni ya dukani: inaweza kushusha homa na kuficha ugonjwa unaoendelea. Aliyekuwa akimeza steroidi kwa muda mrefu, daktari aambiwe mapema, maana huenda tezi zake zimeacha kutoa kotisoli ya kutosha.