Tofauti Hasi za Wakati: Saa ya Kivuli na Jedwali la Kompyuta

Fimbo ikisimikwa wima kwa timazi katika uwanja wa shule huko Nkoaranga, kwenye miteremko ya Mlima Meru, kivuli chake hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili mchana. Saa za Tanzania hufuata longitudo ya digrii 45 mashariki, ilhali Nkoaranga iko karibu na digrii 36.8. Dunia hujizungusha digrii moja katika kila dakika nne; hivyo pengo la digrii 8.2 huleta ucheleweshaji wa dakika 33 hivi. Kwa wastani wa mwaka, adhuhuri ya jua hufika hapo saa 6:33 mchana.

Neno "wastani" ndilo lenye mambo. Dunia hulizunguka jua katika njia ya duaradufu, ikienda kasi zaidi mwanzoni mwa Januari. Tena mhimili wake umeinama kwa digrii 23.5 hivi. Sababu hizo mbili zikiungana, adhuhuri ya jua huwahi au huchelewa. Karibu na tarehe 11 Februari huchelewa kwa dakika 14 baada ya wastani wake. Karibu na tarehe 3 Novemba huwahi kwa dakika 16.

Kulitambua tukio hili kwa macho si kazi rahisi, maana urefu wa kivuli hubadilika polepole mno wakati wa adhuhuri. Njia bora ni kuchora duara kuizunguka fimbo, kuandika saa ambayo ncha ya kivuli inaligusa asubuhi na saa inayoligusa tena baadaye mchana, kisha kutafuta wastani wa saa hizo mbili. Mwezi Novemba mawingu ya vuli huweza kukificha kivuli kwa siku nyingi mfululizo. Kila kipimo kilichopatikana ni mali.

Sasa wanafunzi wakiingiza vipimo vyao katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta, huandika adhuhuri iliyopimwa katika seli B2, wastani katika seli C2, na fomula =B2-C2 katika seli D2. Kwa Februari, 12:47 ukitoa 12:33 hubaki 0:14. Kwa Novemba, 12:17 ukitoa 12:33, programu ya Excel haionyeshi namba yoyote bali msururu wa alama #####. Mwanafunzi hudhani kuwa amekosea kupima, akakifuta kipimo alichokivizia wiki nzima.

Kosa si lake. Ndani ya jedwali siku nzima ni 1, saa ni 1/24 na dakika ni 1/1440. Jibu la Novemba, yaani -16/1440, limo ndani ya seli nalo ni sahihi. Kinachoshindikana ni kulionyesha kwa sura ya saa, kwa kuwa kalenda ya kawaida ya Excel huanzia mwaka 1900 na haina wakati uliotangulia mwanzo wake. Kuipanua safuwima hakusaidii kitu. Programu ya LibreOffice Calc, kwa upande wake, huonyesha alama ya kutoa bila taabu.

Wako wanaoponya tatizo kwa =ABS(B2-C2). Dawa hii ni mbaya kuliko ugonjwa: Novemba husoma 16 na Februari 14, kana kwamba jua huchelewa daima. Vipimo vilivyoenea mwaka mzima vinapaswa kutoa wastani wa tofauti ulio karibu na sifuri. Alama ikitupwa, ushahidi huo hupotea.

Kwa kazi ya sayansi, fomula inayofaa zaidi ni =(B2-C2)*1440, seli ikiwekwa katika sura ya namba ya kawaida. Jibu ni -16, nalo huweza kujumlishwa na kuchorwa katika grafu. Anayetaka sura ya saa aandike =IF(B2<C2,"-","")&TEXT(ABS(B2-C2),"h:mm"), apate -0:16; lakini hayo ni maandishi matupu, hayakokotolewi wastani. Excel pia huruhusu kuchagua kalenda ya mwaka 1904, ambayo huonyesha wakati hasi. Mwalimu aichague kabla ya kuingiza chochote, kwani tarehe zilizokwisha kuandikwa husogea kwa siku 1,462.

Iko tofauti hasi nyingine ambayo si ya kweli. Muuguzi aliyeingia zamu saa 22:00 na kutoka saa 6:00 hupewa na jedwali saa -16, ilhali amefanya kazi saa 8. Hapa usiku wa manane umevukwa, na fomula =MOD(B2-A2,1) hurekebisha. Inapendeza kuona kwamba hesabu ya Kiswahili haina shida hiyo: kutoka saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, 12 kutoa 4 ni 8. Shida yake huja machweo. Kutoka saa 9 alasiri hadi saa 3 usiku, 3 kutoa 9 ni -6; hapo ni lazima kuandika =MOD(B2-A2,0.5), na zamu isifike saa 12. Kuchanganya hesabu hizo mbili katika safuwima moja huleta kosa la saa sita kamili.

Zoezi. Kigoma iko karibu na longitudo 29.6 mashariki, na Dar es Salaam karibu na 39.3. (a) Tafuta wastani wa adhuhuri ya jua katika kila mji. (b) Kadiria adhuhuri ya kila mji tarehe 3 Novemba. (c) Katika lahajedwali, toa adhuhuri ya Kigoma kutoka ile ya Dar es Salaam, na uonyeshe jibu kwa dakika pamoja na alama yake.