SOMO LA MWEZI: Chumba cha Ndani ni Kipi kwa Sisi Tunaolala Chumba Kimoja?

Maandiko ya kusoma: Mathayo 6:5-8, Luka 11:1-8, 1 Petro 3:7, Yeremia 28 na 29:4-14



Mama mmoja wa ushirika wetu alitusimamisha mlangoni baada ya ibada. Akasema: "Mchungaji, Yesu ametuagiza tuingie chumba cha ndani, tufunge mlango, tuombe. Mimi nina chumba kimoja, pazia moja na watoto watano. Niingie wapi?" Hatukumjibu siku ile. Tulirudi kwenye Neno, na haya ndiyo tuliyoyapata.

1. YESU ANAIJUA NYUMBA YA CHUMBA KIMOJA

Neno la Kiyunani lililotumika katika Mathayo 6:6 lina maana ya chumba cha ndani, hata chumba cha kuwekea akiba. Ni neno lile lile linalotumika katika Luka 12:24 juu ya kunguru, ndege wasio na ghala. Kwa hiyo hatupaswi kufikiri kwamba Bwana alikuwa akisema na matajiri wenye vyumba vya kulala vingi.

Tena angalieni Luka 11:7. Wanafunzi wamemwomba awafundishe kusali, naye anawasimulia habari za mtu aliyegongewa usiku wa manane. Mtu yule hawezi kuinuka, kwa sababu mlango umefungwa na watoto wamelala pamoja naye. Hiyo ni nyumba gani? Ni muzigo, kama wenyeji wetu wa Kampala wanavyouita! Baba akiinuka, anakanyaga miguu ya mtoto. Yesu aliifahamu nyumba ya namna hiyo, na kutoka humo akachukua mfano wa kufundisha maombi. Yeye mwenyewe alipotaka faragha aliondoka alfajiri akaenda mahali pasipo watu (Marko 1:35).

Basi asiwepo mzazi anayesema, "Tutaomba vizuri siku tutakapopata nyumba." Chumba ulicho nacho kinamtosha Mungu.

2. MLANGO WA KUFUNGA NI ULE WA KUTAFUTA MASIKIO YA WATU

Bwana aliwakemea wanaosali ili waonekane. Sisi nasi tunaweza kusali ili tusikiwe: na jirani nyuma ya ukuta, na mwenye nyumba, au na yule tuliyepiga magoti pamoja naye.

Sisi tunaoandika haya tulianguka hapo. Mwisho wa mwezi mmoja fedha ya pango ilipungua. Mama watoto alikuwa ametoa sehemu yake kununua dawa ya mtoto, wala hakutuuliza. Hatukugombana. Jioni tuliita watoto tusali, na katika sala tukasema: "Ee Bwana, wafundishe wake kuwa watiifu na kuacha kutumia fedha ovyo." Tulipomaliza, mama hakuitika Amina. Mtoto wetu wa miaka minane akauliza: "Papa, pale ulikuwa unaongea na Mungu au na mama?"

Wapendwa, tuliaibika. Tulikuwa tumelichukua jina la Bwana tukalifanya fimbo, tena tukimpiga mtu asiyeweza kujibu, kwa maana nani atamkatiza mtu anayesali? Ilitubidi kumwomba radhi mbele ya watoto, kwa sababu tulimkosea mbele yao. Mtume Petro anawaonya waume kwamba asiyemheshimu mkewe huyazuia maombi yake mwenyewe. Mkesha wa usiku kucha kanisani hauwezi kuufungua mlango ambao mume ameufunga nyumbani.

3. WATOTO WANAJIFUNZA MUNGU NI NANI KWA YALE TUNAYOOMBA

Nyumba nyingi zina ombi moja tu: safari. Si dhambi kuiomba. Lakini Januari 2025, Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, wapo waliokuwa wamekwisha kuuza godoro na sufuria wakingoja ndege. Mwezi ule ule Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na simu za nyumbani zikawa za kilio. Watoto wakauliza: "Je, Mungu amekataa?"

Mtoto akisikia kila siku kwamba Mungu ni wa kutupeleka ng'ambo tu, ndege isipokuja atadhani hakuna Mungu. Wakati wa uhamisho, nabii Hanania alitangaza kwamba katika miaka miwili utumwa wa Babeli ungevunjwa. Watu walipenda kusikia hivyo, lakini Bwana hakuwa amemtuma. Yeremia ndiye aliyewaandikia waliohamishwa kweli: miaka ni sabini, jengeni, pandeni, ozeni watoto wenu, mkauombee amani mji mliomo. Leo pia wapo wanaotabiri tarehe ya ndege. Jihadharini nao, hasa wakitaka sadaka kwanza.

Mwambieni mtoto ukweli: "Hatujui lini. Tunajua Baba yetu yupo hapa Kamwokya pamoja nasi."

4. TUFANYE NINI NYUMBANI?

(a) Tupatane kwanza. Mwenye neno na mwenzake alitoe kabla ya sala, kwa upole, si ndani ya sala.

(b) Tuchague saa inayowezekana: alfajiri kabla mama hajatoka kutembeza vitenge, au jioni chungu kikiwa jikoni. Dakika tano za kila siku ni bora kuliko saa tatu za mara moja.

(c) Kila mmoja, hata mdogo, ataje shukrani moja na ombi moja. Danieli akiwa uhamishoni aliomba mara tatu kwa siku, tena alishukuru (Danieli 6:10).

(d) Tumwombee jirani mmoja, na mji huu uliotupokea.

(e) Anayehitaji kulia mbele za Mungu peke yake, wengine wampe nafasi. Baba awachukue watoto nje kidogo. Kwa njia hiyo mama naye atapata chumba cha ndani.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Je, tumewahi kusema na mtu huku tukijifanya tunasema na Mungu?
2. Watoto wetu wakituiga tunavyosali, watasema nini?
3. Ni nani ndani ya nyumba yetu ambaye siku hizi haitiki Amina, na kwa nini?

Tuombe: Baba, chumba chetu ni kidogo nawe wakijua. Utusamehe maneno tuliyowarushia wenzetu kwa jina lako. Utufundishe kukungoja bila kuwadanganya watoto wetu. Amina.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote.