Dawa ya Moto si Moto: Kukabiliana na Wachokozi na Wapoteza Muda katika Makundi ya Mtandaoni

Mfano ufuatao ni wa kubuniwa, ila wengi watautambua. Mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 62, anayetumia dawa za shinikizo la juu la damu, anajiunga na kundi la mtandaoni la watu wanaopenda bustani za nyumbani. Siku moja anatuma picha ya nyanya alizozipanda kwenye viroba. Mtu asiyemfahamu anaandika: “Mwalimu, hizo umezinunua sokoni ukaja kuzipanga kibarazani.” Mwalimu anajibu kwa adabu na kuongeza picha nyingine. Yule mtu anadai kuwa hata hizo zimeghushiwa. Baadhi ya wanakikundi wanaingia kumtetea, wengine wanacheka, na inapofika saa nane usiku mwalimu bado ameshika simu. Asubuhi kichwa kinamuuma, na dawa ya usiku hakuimeza.

Kilichopotea hapo si muda peke yake. Shughuli iliyokuwa ikimpumzisha imegeuka kuwa chanzo cha msongo. Somo hili linaeleza kwa nini uchokozi wa namna hiyo hunawiri, unavyougusa mwili, na jinsi ya kuutibu.

Mvuvi na chambo

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko simu za kisasa. Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani, ulikuja kuwa na makundi ya kila aina ya burudani, na wachokozi hawakukosekana. Jina la Kiingereza walilopewa huhusishwa na uvuvi wa kukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda. Mvuvi huyo hamlengi samaki fulani. Humngoja yeyote atakayemeza. Watumiaji wa Usenet walijipatia kinga: programu zao za kusomea ziliwawezesha kuorodhesha majina ya wasumbufu, na ujumbe wa hao haukuonekana tena kwa msomaji aliyewaorodhesha. Hawakumshinda mchokozi kwa hoja, bali walimnyima msikilizaji.

Nani huchokoza?

Mwaka 2004 mwanasaikolojia John Suler alieleza kwamba mtandaoni watu husema wasiyoweza kuyasema ana kwa ana. Miongoni mwa sababu alizozitaja ni kuficha jina, kutoonekana, na kutolazimika kumsubiri mwenzako na kuuona uso wake anapojibu. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walibaini kwamba wanaofurahia uchokozi huelekea kuwa na alama za juu katika vipimo vya tabia ya kufurahia maumivu ya wengine.

Hata hivyo, si kila mchokozi ana tabia hiyo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba mtu wa kawaida huweza kuchokoza akiwa na hali mbaya ya moyo, au akikuta mjadala umekwisha kuchafuka. Pale masharti yote mawili yalipokosekana, asilimia 35 ya maoni yalikuwa ya kichokozi. Yalipokutana, ilifika asilimia 68. Maana yake ni kwamba uchokozi huambukiza. Anayemtetea rafiki kwa matusi anapanua maambukizi, hata kama nia yake ni njema.

Jibu ni chakula

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alionyesha, kwa majaribio ya panya na njiwa, kwamba tendo linalofuatiwa na tuzo huelekea kurudiwa. Alionyesha pia kwamba tendo linalotuzwa mara moja moja, bila mpangilio wa kutabirika, huchelewa zaidi kuzimika tuzo ikikoma kuliko tendo lililozoea kutuzwa kila mara. Kwa mchokozi, tuzo ni jibu lolote: hasira, utetezi, hata karipio. Kwa hiyo kundi linalonyamaza mara tisa na kulipuka mara ya kumi linamfundisha uvumilivu.

Vilevile, tuzo inapokatwa tabia huweza kuzidi kwa muda kabla ya kufifia. Wasiojua hilo hudhani kuwa ukimya umeshindwa, wakajibu wakati uleule dawa ilipoanza kufanya kazi.

Mwili wa anayechokozwa

Hasira huamsha mfumo wa neva wa dharura. Adrenalini humwagika katika damu, moyo hupiga kwa kasi na shinikizo la damu hupanda. Kotisoli nayo huongezeka. Matayarisho hayo yanamfaa mtu anayemkimbia mnyama mkali, si aliyelala kitandani na simu mkononi. Mwanga wa skrini usiku huzuia homoni ya melatonini, na usingizi hukawia. Mtu mzima anahitaji angalau saa 7 za usingizi. Kuzikosa mara kwa mara huhusishwa na shinikizo la juu la damu na sonona.

Utambuzi kabla ya tiba

Daktari hatibu kila homa kama malaria. Vivyo hivyo, si kila anayeudhi ni mchokozi. Yupo mgeni asiyejua taratibu. Yupo mkosoaji mkali mwenye hoja ya kweli. Yupo mwenye majonzi au maradhi, ambaye ukali wake ni dalili. Yupo pia mpoteza muda, ambaye hatukani mtu, ila huuliza jambo lilelile kila siku, hudai uthibitisho, na hausomi anapopewa.

Kipimo ni jibu la kwanza. Mpe kila mtu jibu moja, kamili na la heshima, kisha tazama analifanyia nini. Mgeni hushukuru au huuliza swali linalofuata. Mkosoaji huijibu hoja. Mpoteza muda hurudi palepale alipoanzia. Mchokozi huiacha hoja na kumshambulia mtu.

Hatua za tiba

1. Baada ya jibu la kwanza, usiendelee na asiyelitumia. Mpoteza muda arejeshwe kwenye jibu lililokwisha kutolewa, bila kuandikiwa upya.

2. Jibu lililoandikwa kwa hasira lihifadhiwe hadi asubuhi. Mara nyingi halitatumwa.

3. Ukimya uwe wa kundi zima. Mmoja akijibu kwa siri ya wenzake, ni sawa na dozi inayorukwarukwa.

4. Kiongozi wa kundi aweke kanuni mapema, aonye faraghani mara moja, kisha amwondoe mkaidi bila hotuba. Kumwaibisha hadharani ni kumpa jukwaa analolitafuta.

5. Michango mizuri ijibiwe upesi na kwa ukarimu, ili tuzo ihamie kwa wanaoistahili.

Mipaka ya ukimya

Madai yanayoweza kudhuru yasahihishwe. Mtu akishauri kwamba dawa ya wadudu inyunyiziwe mboga siku ya kuvuna, kosa hilo lielezwe mara moja, kwa ajili ya wasomaji walio kimya, pasipo kubishana naye. Vitisho, picha za faragha na usumbufu unaomwandama mtu mmoja navyo si vya kupuuzwa: hifadhi picha za skrini zenye tarehe na utoe taarifa polisi. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018. Anayeandika kwamba anataka kujidhuru achukuliwe kwa uzito, hata kama jana alikuwa msumbufu. Na anayekosa usingizi au furaha kwa sababu ya maneno ya mtandaoni aende kituo cha afya bila kuona haya.

Hitimisho

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Katika jambo hili, dawa ya moto ni kuuondolea kuni. Yule mwalimu alikuwa na haki ya kujibu mara moja. Baada ya hapo alikuwa na kazi tatu zenye thamani zaidi: kumeza dawa yake, kulala, na kuamka mapema kumwagilia nyanya.