Kurusha Ndege Nyuki Usiku kwa Ajili ya Picha: Yakupasayo Kujua Kabla ya Kununua, Kukodi au Kurusha

Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa dagaa huingia Ziwa Victoria wakiwa na taa zao, na mtu aliyesimama ufukweni Musoma huona nuru nyingi zimetandazwa juu ya maji kana kwamba mji wa pili umejengwa ziwani. Zamani taswira hiyo ilionekana kutoka nchi kavu tu. Leo ndege nyuki, ambayo wengi huiita droni, inaweza kuitazama kutoka juu, na ndiyo maana wananchi wengi wa Musoma, Bunda na Butiama hutamani kuinunua au kumlipa mwenye nayo.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya makundi yote mawili. Msingi wake ni mmoja: ruhusa ya kurusha na ruhusa ya kurusha usiku ni maswali mawili tofauti, na yote mawili yaulizwe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

1. Kifaa cha dukani, ndege mbele ya sheria

Ndege nyuki huuzwa pamoja na simu na kamera, na mnunuzi huweza kudhani kwamba ni kamera yenye mapangaboi. Mbele ya sheria ni chombo cha angani. Husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) chini ya Sheria ya Usafiri wa Anga, Sura ya 80, na kanuni mahususi za mwaka 2018 zinazohusu ndege zinazoongozwa na mtu aliye nje ya chombo. Kwa sababu chombo hiki kinagusa pia usalama wa nchi, idhini ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa huhitajika.

Kwa hiyo stakabadhi ya duka huthibitisha kwamba umenunua. Haithibitishi kwamba unaruhusiwa kurusha. Anayekusudia kuagiza kifaa nje ya nchi, au kuvuka nacho mpaka wa Sirari, atafute idhini kwanza. Kifaa kilichozuiliwa mpakani ni fedha iliyolala, na muuzaji aliye mbali hana wajibu wa kukuombea kibali.

2. Usiku huanza lini?

Katika kanuni za kimataifa za anga, usiku hauanzi dakika ile jua linapozama. Kwa kawaida huhesabiwa tangu mwisho wa utusitusi wa jioni, yaani jua linapofika nyuzi 6 chini ya upeo, hadi mwanzo wa utusitusi wa alfajiri. Hata hivyo kanuni hizo huipa mamlaka ya kila nchi nafasi ya kuweka kipindi kingine kati ya kuzama na kuchomoza kwa jua.

Sisi tunaoishi karibu na ikweta tuna utusitusi mfupi. Musoma, jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni hivi, kutegemea mwezi, na baada ya dakika 20 na ushei giza huwa limetanda. Anayeanza kufungua mkoba wake jua likizama atajikuta anarusha usiku bila kukusudia.

Soma masharti ya kibali neno kwa neno. Ikiwa kibali hakitaji usiku, usichukulie ukimya huo kuwa ruhusa. Iandikie TCAA, eleza mahali, tarehe na saa, na usubiri jibu la maandishi. Wala usijifunze sheria kutoka video za mtandaoni. Nchini Marekani, tangu mwaka 2021, warushaji wenye cheti huweza kuruka usiku iwapo chombo kina taa ya kuzuia mgongano inayoonekana umbali wa maili 3, yaani karibu kilomita 5. Barani Ulaya, tangu Julai 2022, taa ya kijani inayomwekamweka hutakiwa usiku. Hayo ni masharti ya huko. Kununua taa ya namna hiyo hakukupi ruhusa ya kuruka Mara.

3. Giza hubadili nini?

Masharti ya usiku yana sababu zake, nazo zinafaa kueleweka hata na mtu anayekodi tu.

Jicho. Macho huhitaji takribani dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwanga mkali wa skrini huyarudisha nyuma mara moja. Tena, nuru moja ikitazamwa kwa muda gizani huonekana kana kwamba inasogea hali imetulia. Mrushaji huweza kurekebisha mwendo ambao haupo.

Vihisi. Vifaa vingi hukwepa vikwazo kwa kutumia kamera ndogo, na kamera hizo huhitaji mwanga. Gizani haziuoni waya wa umeme wala tawi la mwembe. Juu ya maji, hata mchana, vihisi vya chini huweza kukosea kimo.

Upepo na betri. Usiku upepo wa kando ya ziwa kwa kawaida hutoka nchi kavu kuelekea ziwani. Ndege nyuki huenda kwa wepesi na kurudi kwa taabu. Betri iliyotumia robo tu kwenda inaweza isitoshe kurudi. Aidha, Ziwa Victoria linajulikana kwa ngurumo na dhoruba zinazojengeka usiku. Chombo kikianguka ziwani gizani, hesabu kwamba kimepotea. Kikianguka ndani ya mtumbwi, kuna watu ndani yake.

4. Mahali unaporushia

Musoma. Uwanja wa ndege upo ndani ya mji, kando ya ziwa. Usirushe jirani nao bila ruhusa ya wasimamizi wa anga, hata kama huoni ndege. Helikopta, au ndege iliyobeba mgonjwa, haifuati ratiba unayoijua wewe.

Bunda. Wilaya hii inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na kukaribiana na mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo. Ndani ya hifadhi za taifa, kurusha ndege nyuki bila kibali cha TANAPA hakuruhusiwi, na tiketi ya kuingilia si kibali hicho. Huko Serengeti maputo ya watalii hupaa alfajiri, saa ileile ambayo mpiga picha hutamani mwanga wa kwanza.

Butiama. Hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922, na hapa ndipo alipozikwa mwaka 1999, katika eneo la Mwitongo. Kaburi hilo ni kumbukumbu ya taifa, na wakati huohuo limo katika makazi ya familia. Omba ridhaa ya wanaolitunza mbali na kibali cha anga.

Kokote uliko, kaa mbali na kambi za majeshi, magereza na mikusanyiko yenye viongozi.

5. Watu walio ndani ya picha

Ibara ya 16 ya Katiba humpa kila mtu haki ya faragha ya nafsi yake, familia yake na makazi yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, huongeza ulinzi huo: picha inayomtambulisha mtu inaweza kuwa taarifa yake binafsi. Usiku watu hulala nje kwa joto, huoga uani, hufanya matanga. Kelele na taa juu ya ua huweza kuleta hofu na ugomvi kabla sheria haijatajwa. Mjulishe mwenyekiti wa mtaa au kijiji, pamoja na majirani. Ukitaka picha za wavuvi, onana nao mwaloni mchana, kabla hawajaingia kazini.

6. Unapomlipa mpiga picha

Tuchukue mfano. Familia moja ya Bunda inaandaa sherehe ya harusi ya usiku, na mpiga picha anadai malipo ya awali ili arushe ndege nyuki juu ya ukumbi. Siku ya sherehe inabainika kwamba hana kibali. Hapo familia imekosa picha, na kudai fedha kunaweza kuwa kugumu: chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili.

Kabla ya kulipa, fanyeni haya:

- Ombeni kuona usajili wa chombo na kibali cha mrushaji, na jina lililomo lilinganishwe na la anayewahudumia.
- Tazameni kama kibali kinahusu mahali penu, tarehe yenu na muda wa usiku.
- Ulizeni kama ana bima, na nani atalipa chombo kikimwangukia mgeni.
- Andikeni mkataba unaosema fedha zitarudishwa kibali kikikosekana au hali ya hewa ikichafuka.
- Msimshinikize arushe mvua inaponyesha au juu ya vichwa vya wageni. Mteja anayelazimisha hushiriki hatari.

Kibali cha usiku kisipopatikana, panga picha za angani kabla jua halijazama, ukiwa na kibali cha mchana, na za usiku zipigwe kutoka ardhini kwa kamera iliyowekwa juu ya stendi. Taa za dagaa zikitazamwa kutoka mlimani hupendeza, na kamera iliyotulia hupata picha safi kuliko inayotikiswa na upepo.

7. Maswali ya kujipima

(a) Kwa nini stakabadhi ya ununuzi haitoshi?
(b) Kibali chako hakitaji usiku. Utafanya nini?
(c) Kwa nini safari ya kurudi kutoka ziwani usiku hula betri zaidi?
(d) Ni nani wa kuombwa ridhaa Butiama, mbali na mamlaka ya anga?

Ukishindwa kujibu moja kati ya hayo, rudia sehemu husika kabla ya kulipa au kurusha. Tahadhari kabla ya hatari.