Sufuria ya Presha Darasani: Somo la Sayansi kwa Shule za Karatu na Ngorongoro

Utangulizi

Mwalimu anayehamishwa kutoka Mang'ola, karibu na Ziwa Eyasi, kwenda shule iliyo jirani na ukingo wa kreta ya Ngorongoro hugundua upesi kwamba maharage hayaivi kwa muda aliouzoea. Aghalabu atalaumu kuni mbichi au maharage ya msimu uliopita. Kumbe sababu mojawapo kubwa ni mahali penyewe.

Kadiri tunavyopanda juu, hewa inayotukandamiza hupungua uzito, na maji huchemka kwa joto dogo zaidi. Kwa kila mita 300 hivi za kupanda, kiwango cha kuchemka hushuka kwa karibu nyuzijoto 1 ya Sentigredi. Pwani maji huchemka kwa nyuzijoto 100. Mang'ola, penye mita 1,000 na ushei, kwa takriban 96 au 97. Mjini Karatu, penye mita 1,500 hivi, kwa karibu 95. Na ukingoni mwa kreta, penye mita 2,300 hivi, kwa karibu 92. Mpishi anayechochea moto chini ya sufuria inayochemka tayari hayaongezei maji joto. Anaongeza mvuke tu, na kuni zinateketea bure.

Jambo hili si dogo. Binti aliyetangulia kwenda kutafuta kuni alfajiri hufika darasani amechoka. Tena misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro ndiyo inayohifadhi maji ya vijito vya Karatu na ya chemchemi zinazonywesha mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Makala haya yanapendekeza namna ya kulifundisha jambo hili kwa kutumia vyombo vya nyumbani.

Madhumuni

Baada ya vipindi vitatu, mwanafunzi wa madarasa ya juu ya shule ya msingi aweze:
(a) kueleza kwa nini chakula huchelewa kuiva mahali pa juu;
(b) kupima na kulinganisha njia tatu za kupikia;
(c) kukata shauri, kwa hesabu, kama chombo fulani kinastahili bei yake.

Dhumuni la tatu ndilo kiini cha somo. Mwanafunzi atauziwa vyombo vingi maishani mwake, na kila muuzaji atamwahidi raha. Hana budi kujua namna ya kuipima ahadi hiyo.

Vifaa

Sufuria mbili za kawaida zenye mifuniko, sufuria moja ya presha, kapu kubwa lililotandikwa majani makavu na blanketi kuukuu, kipimajoto, mizani, saa, kuni kavu, na kilo tatu za maharage ya gunia moja, yaliyolowekwa pamoja usiku kucha.

Hatua za somo

Kipindi cha kwanza: Wanafunzi wapime joto la maji yanayochemka. Kisha moto uongezwe, wapime tena. Mwalimu asiwaambie jibu kabla. Waache washangae wenyewe kwamba kipimajoto hakipandi.

Kipindi cha pili: Darasa ligawanywe katika makundi matatu, kila kundi na kilo moja ya maharage na kilo tano za kuni. Kundi la kwanza lipike juu ya mafiga mpaka mwisho. Kundi la pili lichemshe kwa nguvu dakika 30, kisha lifunike sufuria na kuizika ndani ya kapu kwa saa tatu bila kuichungulia, maana kila kuchungulia ni kupoteza joto. Kundi la tatu litumie sufuria ya presha, ambayo mfuniko wake hubana mvuke hata maji yakapita nyuzijoto 110 kabla ya kuchemka. Kuni zinazobaki zizimwe kwa mchanga mkavu, si kwa maji, ili mizani isidanganye.

Kipindi cha tatu: Kila kundi liandike ubaoni kilo za kuni zilizotumika, muda wa kuiva, na muda ambao mtu alilazimika kukaa jikoni. Halafu ifuate hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba sufuria ya presha ni shilingi 60,000, na inaokoa kuni za shilingi 2,500 kwa juma. Itarudisha bei yake baada ya majuma 24. Je, kapu, ambalo halikugharimu chochote, limeokoa kiasi gani?

Tahadhari

Sufuria ya presha ishikwe na mwalimu mwenyewe. Isijazwe maharage na maji kupita nusu, tundu la mvuke lisafishwe kabla ya kupika, na mfuniko usifunguliwe mpaka mvuke wote utoke. Maharage ya kapuni yasipunguziwe muda wa kuchemka: maharage mekundu yasiyochemka vya kutosha yana sumu inayoumiza tumbo. Katika shule za juu kabisa huenda kapu likashindwa kuyaivisha. Yarudishwe motoni, na kushindwa huko kuandikwe kama matokeo mengine.

Maswali ya wanafunzi

Yamkini mtoto atauliza, "Mbona bibi hana sufuria hiyo, na makande yake ni matamu kuliko haya?" Asichekwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, aliona kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza, alichekwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne walichapisha makala ambayo wanasayansi wanaijadili hadi leo. Swali lile lilizaliwa kwenye jokofu la shule. Jingine laweza kuzaliwa mafigani.

Hitimisho

Mkakati wa Taifa wa mwaka 2024 umelenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Lengo hilo litaamuliwa jikoni, na watu wanaojua kupima. Mwalimu amalize somo kwa kuuliza: saa zilizookolewa zitatumiwaje, na nani? Kama binti aliyekuwa akienda kuni atapata jioni ya kusoma kitabu, kusikiliza redio au kucheza na wenzake, chombo kimerahisisha maisha. Kama saa hizo atapangiwa kazi nyingine, chombo kimerahisisha maisha ya mtu mwingine. Wanafunzi walijadili hilo nyumbani, pamoja na wazazi wao.