Meru Gani? Mafunzo Sita Niliyopata kwa Kuzipa Makala Majina

Kwa miaka kadhaa nimejitolea kuhariri makala za kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni. Siku moja nilianzisha makala juu ya mlima ulio karibu na Arusha, nikaipa jina "Meru", basi. Mimi niliyekulia Arusha sikuwa na Meru nyingine akilini. Baada ya miezi michache msomaji wa Kenya akaniandikia: "Ndugu, nilikuwa nasoma habari za miraa tunayolima kwetu Meru. Nimebofya neno Meru, nikajikuta Tanzania juu ya volkeno. Sisi tuko wapi?" Swali lake liliniuma, maana alikuwa na haki. Tangu hapo nimejifunza haya.

1. Uliza kwanza jina lina wenyewe wangapi.
Nilipotafuta, nilikuta Mlima Meru, wa pili kwa urefu Tanzania, wenye zaidi ya mita 4,500. Mji na kaunti nchini Kenya. Wameru wa Kenya, ambao lugha yao iko karibu na Kikuyu. Na Wameru wa Tanzania, ambao lugha yao iko karibu na Kichaga. Uko pia mlima mtakatifu katika mapokeo ya Wahindu na Wabuddha. Hapo "Meru" tupu haikuwa tena haki ya mlima wangu. Tukaifanya ukurasa wa maana: kila mwenye jina amepewa mstari mmoja, na msomaji anachagua njia yake. Watu wa jina moja huitana wajina, na hakuna anayemdai mwenzake abadili lake.

2. Tumia dawa ya Kiswahili kabla ya kuongeza mabano kwenye jina.
Lugha yetu hutangulia kusema kitu ni nini, ndipo ikitaje. Mto Tana uko Kenya, Ziwa Tana liko Ethiopia; majina hayagongani. Mto Mara huanzia Kenya na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, katika Mkoa wa Mara. Viambishi navyo hufanya kazi kubwa: Wapare ni watu, Kipare ni lugha, Upare ni nchi yao. Herufi moja au mbili zinatosha.

3. Mabano yakihitajika, yajibu swali la msomaji.
Kwa Wameru, kiambishi hakikutosha, kwa kuwa makabila yote mawili huitwa hivyo hivyo. Mara ya kwanza niliandika "Wameru (kabila la Wabantu)". Mhariri mwenzangu akaniuliza, "Sasa hao wengine si Wabantu?" Wote ni Wabantu! Mabano yangu yalisema kweli na hayakutenganisha chochote. Tukaweka "Wameru (Kenya)" na "Wameru (Tanzania)". Neno moja, na kila mtu anajua aende wapi.

4. Kwa watu, andika jina kamili na ulisome mara mbili.
Abeid Amani Karume aliongoza Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964 hadi alipouawa Aprili 1972. Mwanawe, Amani Abeid Karume, alikuwa rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Majina ni yale yale, mpangilio ndio umegeuka. Ukiandika haraka unampa mtoto maisha ya baba. Siku hizi kila makala kati ya hizo mbili hufunguliwa na mstari mfupi unaomtaja mwingine, ili aliyepotea arudishwe mapema.

5. Usawa haumaanishi kila jina ligawanywe.
Jiji la Nairobi lilipata jina lake kutokana na mto, na mto ulikuwepo kwanza. Lakini anayeandika "Nairobi" anatafuta jiji. Kumpitisha kwenye orodha ya maana ni kumchelewesha bure. Jiji libaki na jina tupu, mto uitwe Mto Nairobi. Cha kuangalia ni msomaji anatafuta nini. Nani alitangulia kuitwa hivyo ni habari ya kuelezwa ndani ya makala.

6. Ukihamisha jina, fuata viungo vyake vyote.
Hapa ndipo wengi huishia njiani. Kubadili kichwa cha makala ni kazi ya dakika moja, lakini makala nyingine zinaendelea kuelekeza kule kwa zamani. Nilikaa jioni mbili nikifungua kila ukurasa uliotaja Meru, nikisoma sentensi nzima kabla ya kugusa kiungo: hii ni ya mlima, hii ni ya kaunti, hii ni ya watu. Ile ya miraa niliianza kabla ya zote. Leo anayebofya neno Meru katika habari za miraa anafika Kenya, kwa wakulima wenyewe.