Kusikiliza kwa Utaratibu: Utafiti wa Kimaelezo na Maradhi ya Akili Unguja

Utafiti wa kimaelezo hukusanya maneno, mienendo na maana, si tarakimu. Hauulizi wagonjwa ni wangapi. Huuliza mgonjwa anaishi vipi na maradhi yake, anayaita jina gani, na jamaa zake wanamtendea nini. Kwa kuwa hauna majedwali ya hesabu, wapo wanaoudhani kuwa ni mazungumzo tu. Somo hili linaeleza, kwa mfano wa Unguja, kwa nini dhana hiyo si sahihi na namna mhudumu wa afya anavyoweza kuutumia utafiti huu.

Swali ambalo takwimu ziliacha

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Afya Duniani lilianza kuwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia katika nchi tisa. Skizofrenia ni maradhi ambayo humfanya mtu asikie sauti wasizozisikia wengine, ashike imani zisizo na msingi, au akose mpangilio wa fikra. Matokeo yaliwashangaza wengi: kwa jumla, wagonjwa wa Nigeria na India walionesha maendeleo mazuri kuliko wenzao wa nchi tajiri. Tafsiri ya matokeo hayo inajadiliwa hadi leo. Takwimu zilionesha tofauti, lakini hazikuweza kuonesha kinachotokea ndani ya nyumba za wagonjwa.

Nako London, George Brown na wenzake walikuwa wamegundua kwamba mgonjwa anayerejea katika nyumba yenye lawama kali, uhasama au uangalizi uliopita kiasi huelekea zaidi kuugua tena. Hapo likazuka swali jipya: katika jamii nyengine, jamaa huishi vipi na mgonjwa wao?

Ndani ya nyumba za Unguja

Mwanaanthropolojia wa Marekani, Juli McGruder, alilichunguza swali hilo Zanzibar katika miaka ya 1990, na sura ya kitabu aliyoandika juu yake ilichapishwa mwaka 2004. Hakutegemea hojaji peke yake. Alizitembelea familia chache kwa muda mrefu, akaketi nao, akatazama na kusikiliza. Mbinu hii huitwa uchunzaji shirikishi.

Aliwakuta jamaa wakiyaeleza maradhi kuwa ni kazi ya mashetani au mtihani kutoka kwa Mwenyezi Mungu. Mgeni angeweza kudhani kwamba imani hizo humdhuru mgonjwa tu. McGruder aliona jambo jengine pia. Shetani hubembelezwa kwa chakula na nyimbo, na mgonjwa huweza kunyweshwa kombe, yaani maandishi ya Qur'ani yaliyoandikwa kwa zafarani kisha yakaoshwa kwa maji. Vitendo hivyo vilimweka mgonjwa katikati ya watu wake. Kwa kuwa taabu ilihesabiwa kuwa imetoka nje, mtu hakufanywa kuwa ndiye maradhi yenyewe. Ilipopungua, alirudi katika nafasi yake bila ya kila hatua yake kukaguliwa.

Matokeo hayo yasomwe kwa uangalifu. Hayasemi kwamba kombe huchukua nafasi ya dawa, wala kwamba kila nyumba ya Unguja ina utulivu huo. Nyumba chache haziwakilishi kisiwa kizima. Kazi yake ni kuonesha njia moja ambayo upole wa jamaa hupitia, njia ambayo hojaji isingeiuliza.

Mambo manne ya kuzingatia

*Swali.* Mama anayeulizwa "Je, una sonona?" huenda akajibu hapana, kwa kuwa neno hilo ni la wataalamu. Akiambiwa "Nieleze siku yako ya jana tangu ulipoamka", huenda akasema kwamba ana mawazo, hali wala halali. "Mawazo" hapa si fikra za kawaida, ni dhiki. Kwa hiyo uchambuzi uanze katika Kiswahili chenyewe, kabla ya tafsiri yoyote, na lahaja za Makunduchi na Tumbatu zipewe haki yake.

*Idadi.* Watu huchaguliwa kwa kuwa wanalijua jambo, na mahojiano huendelea hadi yasitoe jipya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006, uliotokana na mahojiano ya wanawake 60 wa Ghana na Nigeria, ulionesha kwamba mada nyingi zilikwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya mwanzo. Hata hivyo, jambo pana au watu wa hali tofauti huhitaji mahojiano zaidi.

*Uchambuzi.* Maneno yaliyorikodiwa huandikwa yote, husomwa mara kwa mara, huwekewa alama, kisha alama zinazofanana hukusanywa kuwa mada. Maelezo yanayopingana na mada yasifichwe, kwani ndiyo kipimo cha uaminifu wa mtafiti.

*Siri.* Mji Mkongwe ni mji wa vichochoro na baraza, na watu wanajuana. Kubadilisha jina hakutoshi. Ukiandika kazi ya mtu, mtaa wake na idadi ya watoto wake, jirani atamtambua. Mahojiano pia yasifanyike barazani, na mke asihojiwe juu ya nyumba yake mbele ya wakwe.

Faida kwa mhudumu na mgonjwa

Mhudumu wa Kidongo Chekundu au wa kituo cha shamba hahitaji kuwa mtafiti ili afaidike. Mgonjwa akisema "nina shetani", asikatizwe wala kuchekwa. Aulizwe: alianza lini, akija hukufanya nini, na nani hukaa nawe wakati huo? Majibu yatamfahamisha mhudumu dalili, muda wake na msaada uliopo nyumbani. Akidharauliwa, huenda asirudi, na dawa zake zitakatika.

Naye mgonjwa ajue haki yake. Anaweza kuuliza utafiti ni wa nini, kukataa kurikodiwa, au kujitoa wakati wowote, na matibabu yake yasipungue kwa sababu hiyo.

Maswali ya kujipima

1. Takwimu za nchi tisa zilionesha nini, na zilishindwa kuonesha nini?
2. Kwa nini matokeo ya familia chache hayawezi kutumika kuieleza Unguja nzima?
3. Andika maswali matatu ya wazi ya kumuuliza mtu anayesema "nina mawazo".